Mapumziko ya Familia Ufukweni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Arbuni na Kupiga Hema

Familia nyingi za Mjini, kutoka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, zina desturi ya kutoka kwenda kupumzika pwani angalau mara moja kwa mwaka. Wapo wanaotoka kuvunja jungu kabla ya kuingia kwa mwezi wa Ramadhani, wapo wanaosubiri siku za Idd, na wapo wanaofuatana na jamaa zao wa Makunduchi katika Mwaka Kogwa unaofanyika mwezi wa Julai. Wengine husubiri likizo ya skuli ya Disemba, ambapo hurejea pia ndugu walioko Maskati, Dubai, London na kwengineko. Zamani matembezi ya aina hii yalikuwa ya siku moja: sufuria ya pilau, mkeka, gari ya kukodi, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Siku hizi familia hulala huko huko. Hukodi nyumba ya ufukweni kwa siku tatu au nne, au hununua mahema na kuyapiga chini ya miti.

Kulala pwani si jambo geni visiwani. Wavuvi wetu wamekuwa wakipiga dago kwa vizazi vingi, wakihamia fukwe na visiwa vidogo kufuata samaki na upepo. Lakini mvuvi wa dago huijua pwani anayoihamia. Anajua maji yatafika wapi siku ya bamvua, kisima kipi kina maji baridi na kipi kina maji ya chumvi, na ni nani wa kumwomba ruhusa. Familia inayotoka Mjini mara nyingi haina ujuzi huo, hivyo humtegemea aliyewauzia huduma awaambie kweli. Utegemezi huo ndio sababu ya kuwepo kwa haki za mtumiaji. Makala haya yanaeleza mambo ambayo familia inapaswa kuyajua kabla ya kulipa, wakati wa kulipa, ikiwa huko ufukweni, na iwapo mambo yatakwenda kinyume na makubaliano.

Fahamu unachokinunua

Huduma za malazi ya ufukweni ni za namna nne, na kila moja ina wajibu wake.

Ya kwanza ni hoteli au nyumba ya wageni. Biashara hii inatakiwa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mtumiaji ana haki ya kuuliza na kuonyeshwa leseni hiyo.

Ya pili ni nyumba nzima ya kukodi, ambayo mara nyingi hutangazwa kupitia mitandao ya kijamii. Hapa mtumiaji anashughulika na mwenye nyumba, au na mtu anayedai kuwa wakala wake. Ni lazima ujue ni yupi kati ya hao wawili anayepokea fedha zako na kwa idhini ya nani.

Ya tatu ni eneo la kupiga mahema ndani ya kiwanja cha mtu au cha hoteli. Malipo ya eneo hilo kwa kawaida yanatarajiwa kuhusisha choo, maji ya kuoga, taa na ulinzi. Mambo hayo yasichukuliwe kuwa yamo mpaka yatajwe.

Ya nne ni kupiga hema wenyewe katika ufukwe wa wazi. Wengi hudhani kwamba ufukwe hauna mwenyewe. Ni kweli kwamba, chini ya Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Lakini umma huo una utaratibu wake. Ufukwe wa kijiji ni mahali pa kuegesha vyombo vya wavuvi, pa kuanikia dagaa na mwani, na pa kupita watu alfajiri. Familia inayotaka kulala hapo ifike kwanza kwa Sheha wa shehia husika, ijitambulishe, ieleze idadi ya watu na siku watakazokaa, na iulize mahali panapofaa. Hatua hiyo ni adabu, na pia ni kinga: likitokea la kutokea usiku, kijiji kitajua kwamba mpo na mpo wangapi. Iwapo mtu atajitokeza na kudai ada ya kulala ufukweni, mwombe stakabadhi na umuulize Sheha kabla ya kulipa. Mapapasi hawana mamlaka ya kukodisha pwani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubaliana bei

Malalamiko mengi juu ya malazi huanzia kwenye neno moja ambalo halikuulizwa. Tuchukue mfano. Tangazo linasema nyumba inakodishwa kwa shilingi 150,000 kwa usiku. Familia ya watu tisa inahesabu siku nne na kutenga shilingi 600,000. Inapofika, inaambiwa kwamba bei hiyo ni ya watu wanne, kwamba kila mtu wa ziada analipa shilingi 20,000 kwa usiku, na kwamba mafuta ya jenereta ni ya mkodishaji. Kwa watu watano wa ziada, siku nne, nyongeza ni shilingi 400,000, mbali na mafuta. Saa hiyo watoto wamekwishashuka garini na jua linazama. Familia hulipa, si kwa kuridhika bali kwa kukosa pa kwenda.

Ili kuepuka hali hiyo, uliza na upate majibu kwa maandishi juu ya mambo yafuatayo:

- Bei ni ya mtu, ya chumba, ya hema au ya nyumba nzima? Watoto wanahesabiwaje?
- Kodi na tozo zimo ndani ya bei, au zitaongezwa mwishoni?
- Iwapo bei imetajwa kwa dola, italipwa kwa shilingi kwa kiwango gani cha ubadilishaji, na cha siku gani?
- Maji ya kuoga ni baridi au ya chumvi? Maji ya kunywa yapo?
- Umeme ukikatika kuna nini, na gharama ni ya nani?
- Saa ya kuingia na saa ya kutoka ni ipi?
- Kuna mlinzi usiku?
- Gari inafika hadi mlangoni, au mizigo itabebwa?

Picha za tangazo nazo zinahitaji maswali. Picha ya nyumba ya Paje, Bwejuu au Jambiani iliyopigwa maji yakiwa yamejaa huonyesha bahari ikigusa ngazi. Saa sita baadaye, mahali hapo hapo, maji yanaweza kuwa yamekwenda umbali wa kilomita nzima hadi karibu na mwamba. Kupiga picha wakati mzuri si kosa. Lakini tangazo likisema kwamba mtu anaweza kuogelea saa zote mahali ambapo haiwezekani, hapo mtumiaji amepotoshwa, na Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji Zanzibar, Nambari 5 ya mwaka 2018, inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha watumiaji.

Kwa familia inayopokea jamaa wenye uraia wa nje, kuna gharama moja zaidi ya kuwekwa katika hesabu. Tangu Oktoba 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo bei yake iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44 za Marekani. Jamaa waulizwe mapema wanasafiri na pasi ya nchi gani, na wainunue bima hiyo kwa njia rasmi ya Shirika, si kwa mtu aliyewatumia kiungo asichokijua yeyote.

Arbuni, stakabadhi na ushahidi

Arbuni ni sehemu ya bei inayotolewa mapema ili kuthibitisha makubaliano. Ni jambo la kawaida na la halali. Tatizo hutokea pale ambapo pande mbili hazikubaliani juu ya hatima yake: mtoa huduma huiona kama fedha iliyokwishakuwa yake, na mtumiaji huiona kama fedha iliyowekwa amana. Kwa hiyo kabla ya kuitoa, ni lazima maswali matatu yajibiwe. Je, familia ikiahirisha kwa sababu ya ugonjwa au msiba, arbuni itarejeshwa yote, nusu, au haitorejeshwa? Je, mtoa huduma akishindwa kutimiza, atarejesha ndani ya siku ngapi? Na je, hali mbaya ya hewa ikizuia safari, hasara ni ya nani?

Usitoe arbuni kwa nyumba ambayo hakuna mtu unayemwamini aliyeiona. Unguja si kubwa, na ni nadra familia ya Mjini kukosa jamaa au rafiki katika kijiji husika. Mwombe apite aitazame nyumba, amwone mwenyewe, na ahakikishe kwamba ipo na inakodishwa. Ikiwa haiwezekani, omba mwenye nyumba akupigie simu ya video akiwa ndani yake. Tangazo lenye picha nzuri sana, bei ya chini kuliko nyumba zote za jirani, na mtu anayesisitiza ulipe leo hii kwa sababu kuna wateja wengine wanaosubiri, ni tangazo la kutilia shaka.

Unapolipa kwa simu, litazame jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na jina la mliyekubaliana naye, simama na uulize. Hifadhi ujumbe wa malipo, mazungumzo yote ya maandishi, na nakala ya tangazo lenyewe, kwa kuwa tangazo linaweza kufutwa. Dai risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mtumiaji wa leo daftari hilo ni risiti. Bila ya risiti, dai lako hubaki neno lako dhidi ya neno la mwenzako.

Bamvua, maji mafu na mwezi wa Kiislamu

Familia inayolala ufukweni inahitaji kujua mwenendo wa maji, na wengi wetu tunayo tayari kalenda ya kuutambulisha, nayo ni kalenda ya Kiislamu.

Maji hujaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na mwezi 1 na mwezi 15, huwa ni bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, na katika bandari ya Zanzibar tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hufikia karibu mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, karibu na mwezi 7 au 8 na mwezi 22, huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo huwa ndogo. Katika siku za bamvua, kwa kukadiria, maji hujaa kwenye saa kumi za alfajiri na saa kumi za jioni, na hutoka kwenye saa nne za asubuhi na saa nne za usiku.

Kutokana na hayo, familia inaweza kujua mambo mawili kabla ya kufunga mizigo.

Idd el Fitri, kwa kuwa ni mwezi 1 Mfunguo Mosi, huangukia bamvua kila mwaka. Asubuhi ya Idd, pwani za mashariki huwa zimekauka, na watoto hupenda kutembea juu ya mchanga na mwamba hadi mbali. Lakini tangu saa sita mchana maji hurudi kwa kasi, na hayarudi kwa mstari mmoja: hujaza kwanza mikondo na mabonde yaliyo karibu na ufukwe. Mtoto aliye juu ya fungu anaweza kudhani kwamba yuko pakavu, kumbe nyuma yake maji yamekwishamzunguka. Waliokwenda mbali waanze kurudi kabla ya saa sita, na wasiende bila mtu mzima.

Idd el Hajj ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, siku chache tu baada ya maji mafu. Familia inayopiga hema siku hiyo huona maji yakiishia mbali na kudhani kwamba huo ndio mpaka wake. Siyo. Kila siku inayofuata maji hupanda zaidi, hadi bamvua ya mwezi 15, 16 na 17. Hema lililokuwa salama usiku wa kwanza linaweza kufikiwa na bahari usiku wa tano, tena alfajiri, wakati watoto wamelala fofofo. Kwa sababu hiyo, usipime kwa maji unayoyaona. Tafuta mstari wa mwani mkavu, makumbi na vijiti ulioachwa na bamvua iliyopita, kisha piga hema juu zaidi ya hapo.

Msimu nao huamua ni pwani ipi inafaa. Kusi, ambao huvuma kwa nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti, huipiga pwani ya mashariki na kusini. Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, huielekea pwani ya kaskazini na kaskazini mashariki. Nungwi na Kendwa maji hayatoki mbali kama mashariki, hivyo hufaa zaidi kwa familia inayotaka kuogelea muda wote wa mchana. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai kwa mahema hata kidogo.

Hema na moto

Usipige hema chini ya mnazi wenye nazi. Nazi moja ikianguka kutoka urefu wa mnazi inaweza kuua, na upepo wa usiku hauchagui ni ipi ya kuangusha. Chagua kivuli cha mkungu, mvinje au mti mwengine, na ulitazame tawi lililo juu yako kabla ya kulala chini yake.

Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema wala ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama mkaa unaonekana kuwa umebaki majivu na hata kama mvua inanyesha. Mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huvuta hewa hiyo asijue, na huenda asiamke. Pika nje, na jiko libaki nje mpaka asubuhi. Mtungi wa gesi nao ukae nje ya hema, wima, mbali na moto.

Katika vijiji vya mashariki utaona vijiti na kamba zilizopangwa baharini. Hayo ni mashamba ya mwani, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni akina mama wa kijiji hicho. Watoto wasiyakanyage wala kuzivuta kamba. Taka zenu ondokeni nazo.

Chakula cha pwani

Raha ya ufukweni haikamiliki bila ya samaki, na ni jambo jema kununua kwa wavuvi wa kijiji. Hata hivyo, vipo viumbe viwili visivyopaswa kuingia katika sufuria.

Wa kwanza ni kasa. Kumvua na kumla ni kosa la kisheria, lakini lipo pia jambo zito zaidi. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kuchomwa, na hakuna ladha wala harufu ya kuitambulisha. Mwezi wa Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi walilazwa hospitali. Sumu hiyo huwaathiri watoto zaidi. Mtu akikuletea nyama hiyo ufukweni, hata bure, ikatae.

Wa pili ni bunju, samaki anayejijaza na kuvimba anaposhtuliwa. Sumu yake nayo haiishi kwa moto. Mtoto anayevua kwa mshipi afundishwe kumtambua na kumrudisha baharini.

Kwa vyakula vya paketi, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, kwani siku za sikukuu maduka huuza hadi yaliyosahauliwa nyuma ya rafu. Samaki na nyama zisikae kwenye joto tangu mchana hadi usiku kisha zikapashwa moto tena.

Vyombo vya baharini

Safari ya kwenda Changuu, Mnemba au kuwatazama pomboo Kizimkazi ni huduma kama nyengine, na inunuliwe kwa maswali. Chombo kimesajiliwa? Kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Je, kila abiria ana jaketi okozi, na yapo yanayowafaa watoto? Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoingia majini, hivyo halimsaidii. Majaketi yavaliwe tangu ufukweni, si kufungiwa sandukuni hadi hatari itokee.

Zanzibar imekwishalipa gharama kubwa kwa kupuuza masharti haya. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, muda mfupi baada ya Idd el Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na abiria wengi kupita kiwango chake. Kabla hata ya mwaka kutimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali, ikitoka Dar es Salaam. Familia nyingi za visiwani bado zina jina la mtu aliyekuwemo humo.

Funzo kwa mtumiaji ni hili: nunua tiketi katika ofisi rasmi, hakikisha tiketi ina jina lako kamili, na usipande chombo unachokiona kimejaa. Tiketi yenye jina ndiyo inayowezesha kujulikana nani alikuwemo. Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ahirisha. Nahodha anayekataa kuondoka siku hiyo asilaumiwe wala kushawishiwa kwa kuongezewa fedha. Ndiyo maana ni muhimu kukubaliana tangu awali kwamba safari ikivunjika kwa sababu ya hali ya hewa, fedha zitarejeshwa au tarehe itabadilishwa. Mtu aliyekwishajua kwamba fedha yake haipotei hatoihatarisha roho yake kwa ajili yake.

Mambo yakienda kinyume

Ikiwa huduma si ile mliyokubaliana, chukua hatua kwa mpangilio.

Kwanza, zungumza na mtoa huduma papo hapo, kwa utulivu, na umweleze kasoro na unachokitaka: arekebishe, apunguze bei au arejeshe fedha. Kasoro nyengine hutatuliwa hapo hapo, na aliyekaa kimya siku zote nne kisha akalalamika siku ya tano hudhoofisha dai lake mwenyewe.

Pili, weka ushahidi. Piga picha, andika tarehe na saa, na hifadhi risiti. Dai ulilolitoa kwa mdomo lirudie kwa ujumbe wa maandishi.

Tatu, mkishindwa kuelewana, wasilisha malalamiko yako katika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Eleza kwa ufupi mlichokubaliana, ulicholipa, ulichokipata na unachodai, na ambatisha nakala za ushahidi. Kama jambo linahusu leseni ya nyumba ya wageni, ielezwe pia Kamisheni ya Utalii. Likihusu usalama wa chombo cha baharini, lipelekwe Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Chakula kinachotiliwa shaka ni jambo la Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mtu aliyechukua arbuni ya nyumba isiyokuwepo amefanya udanganyifu, na hilo ni la Polisi.

Likitokea la dharura, usisubiri. Nambari ya Polisi ni 112, na ya Zimamoto na Uokozi ni 114. Hifadhini pia nambari ya Sheha na ya kituo cha afya kilicho karibu kabla usiku haujaingia, kwani katika baadhi ya fukwe wanakijiji ndio watakaofika kwanza.

Orodha ya kukaguliwa kabla ya kuondoka

1. Makubaliano ya bei, idadi ya watu na siku yapo kwa maandishi.
2. Hatima ya arbuni iwapo safari itavunjika inajulikana.
3. Risiti na ujumbe wa malipo umehifadhiwa.
4. Mwezi ni wa ngapi leo, na utakuwa wa ngapi siku ya kurudi, imehesabiwa.
5. Taarifa ya hali ya hewa imesikilizwa.
6. Sheha amearifiwa, kwa wanaopiga hema ufukwe wa wazi.
7. Maji ya kunywa, dawa za watoto, tochi na chandarua vimo.
8. Mtu mzima mmoja amepewa jukumu la kuwatazama watoto kila wawapo majini, na anapochoka anakabidhi zamu kwa jina, si kwa kudhani.

Nakala ya orodha hii ikatwe na ibandikwe jikoni. Siku ya safari, mmoja aisome kwa sauti kabla gari halijaondoka.